Tabia ikigeuka ghafla, ubongo upimwe kabla ya hukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayorudiwa katika safu ya maoni kila linapotokea tukio la kutisha la mauaji au la kudhulumiwa kwa watoto, hoja kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba sayansi ya ubongo sasa imelithibitisha jambo hilo kiasi kwamba kilichobaki ni kuwapiga watu picha za kichwa na kuwatenga wenye hatari kabla hawajamdhuru mtu. Upande wa pili wapo wasomaji wanaohofia kwamba sayansi hiyohiyo itawafungulia wauaji milango ya magereza, kila mmoja akidai kwamba si yeye aliyeua bali ni ubongo wake. Nimezisoma pande zote mbili kwa makini, na naamini zote zimepotea mahali pamoja: zinalichukua swali la ubongo kuwa ni la siku ya hukumu tu, ilhali elimu hii ina faida kubwa zaidi miaka mingi kabla ya kosa, na tena katika siku zile za mwanzo baada ya kosa, wakati bado inawezekana kumuuliza mtu na jamaa zake ni kitu gani kilichompata.

Siandiki habari hii kama mtu aliye mbali nayo. Baba yangu mkubwa alikuwa mhasibu kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumshuku kwa senti moja. Alipofika umri wa miaka 59 alianza kuchukua vitu madukani, mchana kweupe, mbele ya macho ya wenye maduka, bila kujificha na bila kuonyesha haya yoyote alipokamatwa. Vitu vyenyewe havikuwa na maana: betri, sabuni, kofia ya mtoto. Sisi jamaa zake tulitahayari, tukalipa, tukanyamaza, na kila mmoja akawa na maelezo yake. Huyu akasema ni tamaa ya uzeeni, yule akasema amelaaniwa, mwingine akasema hiyo ndiyo tabia yake halisi iliyokuwa imefichwa na kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tuliumbuliwa mbele ya hakimu. Alihukumiwa kifungo, na ilikuwa miezi mingi baada ya kuimaliza adhabu yake ndipo daktari wa mishipa ya fahamu alipotuonyesha katika picha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake ilikuwa imesinyaa.

Ugonjwa aliokuwa nao ni wa jamii ya maradhi yanayoharibu akili polepole, lakini si ule unaojulikana zaidi, wa kusahau majina na njia ya kurudi nyumbani. Huu huanza kula sehemu za mbele na za pembeni mwa ubongo, mara nyingi mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 65, na kumbukumbu yake inaweza kubaki nzuri kwa muda mrefu huku haya, huruma na uwezo wa kujizuia vikimtoka kimoja baada ya kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia majalada ya wagonjwa 2,397 wa kituo kimoja cha maradhi ya kumbukumbu mjini San Francisco, ulikuta kwamba miongoni mwa wenye aina ya ugonjwa huu inayoharibu tabia, asilimia 37 walikuwa wametenda jambo la kuvunja sheria katika kipindi cha kuugua kwao, wakati miongoni mwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, walikuwa chini ya asilimia 8. Kundi la kwanza halikuwa na watu waovu kuliko la pili. Walitofautiana kwa mahali ugonjwa ulipoanzia.

Baba mkubwa alijua kwamba kuiba ni kosa. Ukimuuliza alikujibu sawasawa kabisa, tena kwa sauti ileile ya mhasibu. Jambo hilo lilitusumbua kuliko yote, na nadhani ndilo lililomsumbua hakimu pia, kwa sababu sisi sote tumezoea kuamini kwamba mtu akijua jema na baya, basi kuchagua baya ni ukaidi wake mwenyewe. Sheria nayo imejengwa juu ya imani hiyo. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten, akiamini kwamba serikali inamwandama, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu wa Uingereza Robert Peel, naye Drummond akafariki siku chache baadaye; M'Naghten alipoonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, majaji walitakiwa kufafanua sheria, nao wakaweka kipimo ambacho nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinakitumia hadi leo: je, ugonjwa wa akili ulimfanya mshtakiwa asijue anachokitenda, au asijue kwamba anachokitenda ni kibaya? Kipimo hicho kinauliza habari ya kujua tu. Hakiulizi kama mtu aliweza kujizuia.

Ubongo, kwa jinsi unavyoeleweka sasa, hauziweki kazi hizo mbili mahali pamoja. Gamba lililo nyuma ya paji la uso, hasa sehemu yake ya chini iliyo juu ya mashimo ya macho, hupokea habari kutoka sehemu za ndani zinazohusika na hofu, hamu na hasira, likiwemo fungu dogo la seli liitwalo amigdala, na kazi yake ni kupima: kitendo hiki kitaleta nini, kitamuumiza nani, nitajionaje kesho. Upimaji huo hufanyika upesi, na sehemu kubwa yake haifanyiki kwa maneno. Ndiyo maana mtu anaweza kuyahifadhi maneno yote ya sheria na ya maadili, akayakariri kama mwanafunzi anavyokariri shairi, na bado mizani yake ikawa imevunjika.

Tukio ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote ni la mwalimu mmoja wa jimbo la Virginia nchini Marekani, ambaye habari zake ziliandikwa mwaka 2003 na madaktari Jeffrey Burns na Russell Swerdlow bila kumtaja jina. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 40 na bila historia ya matendo kama hayo, alianza kukusanya kwa siri picha chafu za watoto, kisha akamwelekea binti wa kambo aliyekuwa bado mdogo. Mkewe aligundua, akaripoti, na mahakama ikampata na hatia. Alipewa nafasi ya kupata ushauri nasaha badala ya gereza, akashindwa kujizuia hata huko, na usiku wa kuamkia siku ya kusomewa adhabu alikwenda hospitalini akilalamika maumivu makali ya kichwa. Madaktari waliona kwamba anayumba anapotembea na kwamba hawezi kuchora uso wa saa. Walipompiga picha ya MRI walikuta uvimbe wa ukubwa wa yai ukiikandamiza ile sehemu ya chini ya gamba la mbele, upande wa kulia. Uvimbe ulipoondolewa, hamu ile ilikwisha, akaumaliza ushauri nasaha na baada ya miezi kadhaa akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka 2001 maumivu ya kichwa yalirudi, na pamoja nayo ile tabia ya kukusanya picha. Walipompima tena, uvimbe ulikuwa umeota upya. Wakauondoa, na tabia ikaondoka tena.

Watu husema tabia haina dawa. Naomba anayeamini hivyo aisome tena habari hiyo polepole. Ni nadra sana, katika mambo ya mwanadamu, kupata chanzo kinachokuja na kuondoka mara mbili huku matokeo yakikifuata mara zote mbili. Na kuna jambo jingine ndani yake ambalo mawakili wangepaswa kulitafakari: mwalimu huyo aliwaeleza madaktari kwamba alijua anachofanya ni kibaya. Kwa kipimo cha mwaka 1843 alikuwa timamu, hata uvimbe ulipokuwa mkubwa kama yai.

Hata hivyo si kila kisa kinasomeka kwa urahisi kama hicho, na wapenzi wa sayansi hii, nami nikiwemo, tunapaswa kukiri hivyo waziwazi. Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, alichomwa kichwani na mtaimbo uliorushwa na baruti tarehe 13 Septemba 1848. Mtaimbo huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6, ulipenya chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini, naye akaishi. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na wa kutegemewa amekuwa mkaidi, mwenye matusi, asiyeshika mpango wowote aliojiwekea. Kisa chake hutajwa kila mahali, lakini wengi huishia hapo, bila kusema kwamba hakuna kumbukumbu ya Gage kutenda jinai yoyote na kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi inayodai saa, uvumilivu na adabu kwa abiria. Naye Charles Whitman, aliyewaua mama yake na mkewe na kisha kuwapiga watu risasi kutoka juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas tarehe 1 Agosti 1966, aliacha barua akiomba maiti yake ipasuliwe ili ijulikane kama kuna kitu kilichomharibikia. Uvimbe ulipatikana, lakini tume ya wataalamu iliyoteuliwa na gavana haikuthubutu kusema zaidi ya kwamba ungeweza kuwa umechangia kushindwa kwake kuzitawala hisia zake.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki, mbona majeraha ya watu kama hao hayako mahali pamoja katika ubongo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Ryan Darby waliyapanga katika ramani moja majeraha ya watu 17 walioanza kuvunja sheria baada ya ubongo wao kudhurika, wakakuta kwamba majeraha yametawanyika sehemu mbalimbali lakini yote yanagusa mtandao mmoja wa mawasiliano, ule unaotumika mtu anapoamua mambo ya maadili, anapopima thamani ya matokeo na anapofikiria yaliyo moyoni mwa mwenzake. Ni kama mfereji wa maji: ukizibwa juu au ukizibwa katikati, shamba la chini litakauka vilevile.

Hao wote ni watu walioumia au kuugua. Wengi wa wanaojaza magereza hawana uvimbe wala alama ya mtaimbo kichwani, na hapa ndipo hoja inapokuwa ngumu. Mwaka 1997 Adrian Raine na wenzake walilinganisha picha za ubongo za watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji katika jimbo la California na waliokuwa wakijitetea kwa hoja ya wazimu, na za watu 41 wa kawaida wa umri na jinsia sawa, wakaona kwamba ile sehemu ya mbele ilikuwa ikifanya kazi kwa unyonge zaidi kwa washtakiwa. Utafiti mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2020, kutokana na watu waliozaliwa Dunedin, New Zealand, katika miaka ya 1972 na 1973, ambao wamefuatiliwa tangu utotoni. Picha za watu 672 kati yao, zilizopigwa walipokuwa na umri wa miaka 45, zilionyesha kwamba wale walioanza ukorofi wakiwa wadogo na kuuendeleza hadi utu uzima walikuwa na gamba la ubongo jembamba zaidi na lenye eneo dogo zaidi, katika sehemu nyingi, kuliko wasio na historia hiyo. Wale waliovunja sheria katika ujana tu na kisha wakaacha hawakuonyesha tofauti ya namna hiyo. Mzazi mwenye kijana wa miaka 16 aliyekamatwa kwa mara ya kwanza na alalie maneno hayo usiku wa leo: wengi wa vijana wa namna hiyo huacha, na sehemu ya mbele ya ubongo wao bado inakomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo moja ya sababu zilizozungumzwa sana Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku mwaka 2005 adhabu ya kifo kwa aliyetenda kosa kabla ya kufikisha miaka 18.

Lakini picha iliyopigwa mtu akiwa na miaka 45 haisemi kama wembamba ule ulitangulia maisha ya vurugu au uliletwa nayo. Pombe, dawa za kulevya, ngumi za kichwani, njaa, miaka ya gerezani, vyote hivyo huacha alama katika ubongo. Na hata kama tungekuwa na hakika kwamba tofauti ilitangulia, anayetaka kuwapima watu na kuwatenga atakutana na hesabu isiyomwachia nafasi. Tuseme kipimo kipo kinachowatambua wauaji 90 katika kila 100, na kinachokosea kwa watu 10 tu katika kila 100 wasio na hatia. Kitumie katika mji wa watu 100,000 ambamo kuna wauaji watarajiwa 100. Kitawakamata 90 kwa haki, na pamoja nao watu 9,990 ambao hawatamuua mtu maishani mwao. Mauaji ni jambo la nadra, na jambo la nadra haliwezi kubashiriwa kwa kipimo cha namna hiyo bila kuwadhulumu maelfu. Wala hakuna leo kipimo cha ubongo kinachofikia hata ubora huo niliousema kwa mfano tu.

James Fallon, mtaalamu wa mfumo wa neva wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, aliwahi kuchambua picha za wauaji katika kipindi kimoja na picha za watu wa familia yake. Katika zile za familia alikuta moja inayofanana kabisa na za watu wasio na huruma, na alipoangalia jina akakuta ni yake mwenyewe. Alikuwa profesa, mume na baba, na hakuwa ameua mtu.

Isitoshe, tumeshapita njia hii. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitangaza kwamba mhalifu ni mtu aliyerudi nyuma katika ngazi ya maumbile, na kwamba anatambulika kwa taya, kwa masikio na kwa umbo la fuvu. Nadharia hiyo ilienea katika nchi nyingi na kuwatia alama watu waliokuwa maskini tu au wenye sura isiyopendwa, mpaka Charles Goring, daktari wa magereza nchini Uingereza, alipowapima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na raia wa kawaida, kisha akaeleza mwaka 1913 kwamba umbo hilo la mhalifu halipo. Anayeandika leo kwamba picha ya MRI itawatambua wahalifu anaurudisha mzigo wa Lombroso, ameubadilisha gunia tu.

Kuna kundi moja ambalo limeumizwa na fikra hizi kuliko mengine, nalo ni la watu wenye kifafa. Naomba niwatetee hapa kwa takwimu. Mwaka 2011 Seena Fazel na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za Sweden za zaidi ya miaka 30. Watu wenye kifafa walikuwa 22,947, na asilimia 4.2 kati yao waliwahi kupatikana na hatia ya kosa la ukatili baada ya ugonjwa kutambuliwa, ikilinganishwa na asilimia 2.5 ya watu wengine. Mtu akiishia hapo atasema kifafa huleta ukatili. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwalinganisha wagonjwa na ndugu zao wa damu wasio na kifafa, waliolelewa katika nyumba zilezile, na tofauti yote ikatoweka. Kilichokuwa kinaonekana kama kazi ya kifafa kilikuwa kazi ya malezi, ya umaskini na ya mambo mengine ambayo familia nzima iliyashiriki. Kwa waliowahi kupata majeraha ya ubongo, ambao walikuwa 22,914, hali ilikuwa nyingine: asilimia 8.8 walipatikana na hatia, na walipolinganishwa na ndugu zao tofauti ilipungua lakini haikuisha. Hivyo jeraha la kichwa lina mchango wake lenyewe, na kifafa hakina. Laiti kila anayeandika juu ya ubongo na uhalifu angewauliza kwanza ndugu wa mtu.

Nirudi sasa kwa mtoto wa nyoka. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza habari za familia moja ya Uholanzi ambamo wanaume kadhaa wenye hitilafu katika jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo MAOA walikuwa na historia ya hasira za ghafla, uchomaji moto na ukatili. Magazeti mengi yaliikimbilia habari hiyo yakaiita jeni ya ukatili. Miaka 9 baadaye Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliwachunguza wanaume wa Dunedin waliokuwa na aina ya kawaida ya jeni hiyo isiyofanya kazi kwa nguvu, wakakuta kwamba jeni peke yake haikuwa na uzito mkubwa. Hatari ilionekana kwa wale waliokuwa nayo na ambao pia waliteswa utotoni. Hao walikuwa asilimia 12 tu ya wanaume waliochunguzwa, lakini walibeba asilimia 44 ya hatia zote za ukatili. Mtoto mwenye jeni hiyohiyo aliyelelewa bila kuteswa hakuwa na hatari hiyo. Basi huyo nyoka, kama yupo, anafugwa na watu wazima.

Ubongo unaharibiwa pia na vitu ambavyo serikali zinaweza kuviondoa kwa sheria. Madini ya risasi, ambayo kwa miongo mingi yaliwekwa katika petroli na rangi za nyumba, huingia katika ubongo wa mtoto na kudhuru hasa sehemu ile ya mbele. Mjini Cincinnati watoto waliopimwa damu tangu kabla ya kuzaliwa walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliokuwa na risasi nyingi zaidi damuni walikamatwa na polisi mara nyingi zaidi na walikuwa na upungufu katika gamba la mbele. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli yenye risasi, Algeria, iliacha mwaka 2021 tu. Na matibabu nayo yana nafasi. Nchini Sweden watu 25,656 wenye tatizo la kukosa umakini na utulivu walilinganishwa na nafsi zao wenyewe, vipindi walivyotumia dawa na vipindi walivyoacha. Katika vipindi vya dawa makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na asilimia 41 kwa wanawake. Hakuna ongezeko la polisi ninalolifahamu lililoleta matokeo kama hayo kwa watu walewale.

Sasa niwajibu wanaohofia kisingizio. Hofu yao si ya bure: mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji adhabu kwa mwaka 1, na mojawapo ya sababu ilikuwa ni jeni hiyo ya MAOA niliyoieleza. Binafsi naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka, kwa kuwa jeni iliyobebwa na mamilioni ya watu wasiomgusa mtu haiwezi kueleza kitendo kimoja cha mtu mmoja kwa siku moja. Aliyeuawa ameuawa, na jamaa zake wana haki ya kuona kwamba jambo hilo limechukuliwa kwa uzito wote. Tena, mtu ambaye ubongo wake hauwezi kumzuia anaweza kuwa wa hatari zaidi, si pungufu, na kumweka mahali ambapo hawezi kudhuru ni wajibu wa dola hata pale lawama inapopungua. Ninachokataa ni kumweka gerezani mgonjwa ambaye gereza halimbadilishi kitu, kisha kumwachia siku kifungo kinapokwisha, mizani yake ikiwa bado imevunjika na hakuna aliyeangalia.

Siombi kila mshtakiwa apigwe picha ya ubongo. Mashine hizo ni ghali, na nimeshaeleza jinsi picha isiyo na historia inavyoweza kudanganya. Ninachoomba ni kwamba mtu anapofikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza aulizwe, na majibu yaandikwe katika jalada, maswali matatu yasiyogharimu chochote. La kwanza, je, amewahi kuumia kichwa akapoteza fahamu? Tafiti zilizofanywa magerezani katika nchi mbalimbali zimekuta mara kwa mara kwamba karibu nusu ya wafungwa wamewahi, idadi inayozidi mno ile ya watu walio uraiani. La pili, je, tabia inayoshtakiwa ni ya siku zote au imeanza karibuni, na kama imeanza karibuni, ilianza lini na ilifuatana na nini: maumivu ya kichwa, kuyumba, usemi kubadilika, kupoteza haya mbele ya watu? Mtu mzima ambaye hakuwahi kuiba, akaanza kuiba akiwa na miaka 59 bila shida ya fedha na bila kujificha, huyo apelekwe kwa daktari kwanza, kesi ingoje. La tatu, nani anayeweza kueleza alivyokuwa zamani? Daktari aliyetupokea baadaye alituambia kwamba katika ugonjwa huu mgonjwa mwenyewe haoni kama amebadilika, na kwamba maelezo ya aliyeishi naye yana thamani kuliko picha yoyote.

Katika kesi ya baba mkubwa swali hilo la tatu lilikuwa na jibu chumbani mlemle. Mkewe, waliyeishi pamoja kwa miaka 34, alikuwa ameketi benchi la nyuma katika kila kikao, akiwa na kalenda ambamo alikuwa ameandika siku mumewe alipoacha kusalimia watu, siku alipocheka msibani, siku alipoanza kula sukari kwa kijiko. Alikuja nayo mara zote nne. Hakuna aliyemwita.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi